Maswali ya Wasomaji: Kuvu Zinazoua Wadudu

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi kwamba zipo kuvu ambazo riziki yake ni wadudu, na kwamba baadhi yake, hasa za jamii za Beauveria na Metarhizium, huzalishwa kwa wingi na kuuzwa kama viuatilifu hai. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nusu yake zina lalamiko lile lile. Nimeanza na lalamiko hilo na kulipa nafasi kubwa, kwa sababu atakayelielewa atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya jambo zima.

Shikamoo mtaalamu. Nalima mboga ndani ya banda kitalu. Nilinunua unga wa Beauveria kwa ajili ya nzi weupe, nikaukoroga kwenye maji, nikapuliza saa nne asubuhi. Siku ya tatu nzi walikuwa wanaruka vile vile, nikarudi kwenye sumu yangu ya zamani. Je, nimeuziwa unga wa bandia?

Marahaba, ndugu msomaji. Inawezekana umeuziwa kitu kibovu, na nitakueleza hapa chini namna ya kujihakikishia, lakini kabla ya kumshuku muuzaji naomba tuifuate kuvu yenyewe tangu inapotoka kwenye bomba, maana maelezo yako yanaonyesha kwamba uliitumia kama unavyotumia sumu, nayo ni kiumbe hai chenye mahitaji yake.

Ndani ya pakiti mlikuwa na spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, ndogo kiasi kwamba gramu moja ya unga safi hubeba mabilioni yake. Spora ikimwangukia mdudu hunata kwenye ganda lake na kutulia hapo mpaka ipate unyevu. Ikiupata, huvimba na kuchipua, mara nyingi ndani ya saa 12 hadi 24, ikatoa mrija mwembamba unaotambaa juu ya ganda ukitafuta mahali laini, hasa kwenye maungio ya pingili. Ncha ya mrija huo hutuna na kujigandamiza pale, kisha kuvu hulitoboa ganda kwa nguvu mbili zinazofanya kazi pamoja, yaani msukumo wa ncha yenyewe na vimeng'enya vinavyomeng'enya mafuta, protini na khitini ambazo ndizo zinazolijenga ganda la mdudu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya kuvu na viuatilifu hai vya bakteria au virusi, ambavyo lazima mdudu avile kwanza. Nzi mweupe hatafuni jani, hufyonza utomvu kwa mdomo mfano wa sindano, hivyo kitu kilichopakwa juu ya jani hakimfikii tumboni, ilhali kuvu humwingia kupitia ngozi.

Ikishapenya, kuvu huingia kwenye damu ya mdudu, hujigawa na kusambaa mwili mzima, ikila virutubisho vyake na kutoa sumu zinazodhoofisha kinga yake. Kwa wadudu wengi kifo huja kati ya siku ya 3 na ya 10, na kwa wakubwa kama nzige huweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo nzi uliowaona wakiruka siku ya tatu huenda baadhi yao walikuwa wagonjwa tayari. Mdudu aliyeambukizwa hupunguza kula na kutaga siku kadhaa kabla ya kufa, na faida hiyo mkulima haioni kwa macho, kwa sababu anahesabu wanaoruka badala ya kuangalia mazao yanavyoendelea.

Sasa tuje kwenye saa nne asubuhi. Mionzi ya jua ndiyo adui mkubwa wa spora hizi. Zikiachwa wazi kwenye jua kali, nyingi hufa ndani ya saa chache, kabla hata ya kuchipua. Ungepuliza jioni jua likishapoa, kuvu ingepata usiku mzima wa giza na unyevu wa kufanyia kazi yake. Bandani kwako una bahati ambayo mkulima wa shamba la wazi hana, kwa kuwa unyevu wa usiku hukaa ndani, na kuta na paa hupunguza mionzi kwa kiasi fulani. Itumie bahati hiyo.

Jambo la pili ni ule ukorogaji. Spora kavu za Beauveria na Metarhizium hukataa maji kwa asili. Ukimwaga unga mkavu kwenye ndoo utauona unaelea juu kama vumbi lililoangukia mtungi, na ukikoroga kwa nguvu utapata madonge, huku maji yanayotoka kwenye bomba yakiwa karibu matupu. Ndiyo maana bidhaa nyingi huja zikiwa zimechanganywa na mafuta au na kitu cha kulowesha, na ndiyo maana lebo huagiza kuanza na maji kidogo, kutengeneza uji mzito usio na madonge, kisha kuongeza maji taratibu. Mchanganyiko huo umalize siku hiyo hiyo. Ukilala ndani ya bomba, spora huanza kuamka bila mdudu wa kumshambulia na kufa bure.

Jambo la tatu ni upande wa jani. Tunutu wa nzi weupe, yaani wachanga wasio na mabawa, hujibandika chini ya jani kama magamba madogo na hawahami, kwa hiyo ukipuliza kutoka juu umewakosa wale ambao ni rahisi kuwapata kuliko wote. Elekeza bomba chini kwenda juu. Tena kumbuka kwamba tunutu akijivua ganda kabla kuvu haijapenya, anazitupa spora pamoja na ganda la zamani, ndiyo sababu upulizaji wa mara moja hautoshi. Bidhaa nyingi hutaka urudie kila baada ya siku 5 hadi 7, na wewe uliishia wa kwanza.

Kuhusu kujihakikishia kama unga ni mzima, angalia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha uulize ulikuwa ukihifadhiwa wapi, kwa maana pakiti iliyokaa miezi kwenye rafu yenye joto huweza kuwa na kuvu iliyokufa hata kama tarehe haijafika. Halafu fanya jaribio hili. Chukua vikopo viwili vyenye matundu ya hewa na weka ndani majani yenye tunutu wengi, mashina yake yakiwa kwenye maji ili majani yasinyauke. Kimoja puliza mchanganyiko wako, kingine maji matupu, kisha viweke kivulini. Baada ya siku saba au nane tazama kwa kioo cha kukuzia. Tunutu aliyeuawa na Beauveria hubadilika rangi, mara nyingine akaelekea kwenye wekundu, kisha hutokwa na utando mweupe kama unga wa chaki pembezoni mwa mwili. Ukiuona utando huo kwenye kikopo cha kwanza peke yake, unga wako ni hai, na kilichobaki kurekebisha ni utaratibu wa kupuliza.

Neno moja la mwisho kwako. Wadudu wakishajaa banda zima, kuvu haitakuokoa kwa haraka unayoitaka, na sitakudanganya kwamba itafanya hivyo. Ianze mapema, unapoona wadudu wa kwanza.

Shambani kwangu nimeokota mbawakawa waliokufa, wamekauka na kuota ukungu wa kijani. Nadhani ni Metarhizium ya asili. Je, naweza kuuotesha ukungu huo kwenye mchele uliochemshwa, nikapata dawa yangu mwenyewe bila gharama?

Macho yako yameona jambo ambalo wengi hulikanyaga bila kulitazama, na nimefurahi sana kusoma barua yako. Hata hivyo jibu langu ni kwamba usifanye hivyo, na naomba usome sababu zake kwa utulivu.

Ni kweli kwamba mdudu aliyeuawa na kuvu hizi ana dalili zake. Mdudu aliyeuawa na bakteria hulainika, huwa mweusi na kunuka, lakini huyu hubaki mkavu na mgumu, kana kwamba amekaushwa makusudi, kwa sababu kuvu imejaza mwili wake nyuzi na kuzuia uozo. Ukimweka kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya chombo kilichofunikwa, baada ya siku mbili au tatu utaona manyoya meupe yakichomoza kwenye maungio ya miguu na kati ya pingili za tumbo, mahali hasa ambapo ganda ni jembamba. Ikiwa ni Beauveria, weupe huo hubaki hivyo na kuwa kama unga. Ikiwa ni Metarhizium, weupe huanza kugeuka kijani kibichi kutokea katikati, ukakolea, hatimaye mdudu akafunikwa na gamba la kijani linalomeguka kama vigae vidogo.

Tatizo ni kwamba kijani si alama ya Metarhizium peke yake. Aspergillus flavus nayo huota juu ya wadudu waliokufa, rangi yake ni kijani chenye umanjano, na kwa macho ya kawaida ni rahisi mno kuzichanganya. Hiyo ndiyo kuvu inayozalisha sumukuvu kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani. Mchele uliochemshwa ni chakula inachokipenda kama vile Metarhizium inavyokipenda. Ukiotesha mfuko mzima wa Aspergillus jikoni kwako, ukaukausha, ukausaga na kuupuliza juu ya mboga, utakuwa umejiletea janga kwa mikono yako mwenyewe, huku ukiamini unaokoa mazingira.

Ni kweli kwamba wazalishaji wengi hutumia mchele kama ulivyosikia, lakini huanza na kuvu iliyotambuliwa maabara, hufanya kazi katika mazingira yaliyotakaswa kwa mvuke, na hupima kila mkupuo kuona kama kuna kuvu ngeni iliyoingia. Zaidi ya hayo, kuvu inayooteshwa mara nyingi mfululizo kwenye chakula cha bure huweza kupoteza ukali wake kwa wadudu, kwa hiyo mara kwa mara hupitishwa tena kwenye mdudu aliye hai ili kuurudisha. Unachoweza kufanya ni kuwaweka mbawakawa hao kwenye bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu, ukaandika tarehe, mahali na mmea ulikowakuta, kisha ukawapeleka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Hilo si jambo dogo. Kuvu iliyokuja kuwa msingi wa dawa ya kuua nzige barani Afrika ilipatikana kwa panzi mgonjwa nchini Niger.

Mimi ni mfugaji wa nyuki. Jirani yangu ana mpango wa kupuliza kuvu hizi. Mizinga yangu itapona?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ingawa kuna mambo ya kukubaliana na jirani yako. Ndani ya mzinga, mahali penye majana, yaani watoto wa nyuki, nyuki huweka joto la takriban nyuzi 34 hadi 35 za selisiasi, ilhali kuvu nyingi za aina hii hustawi kati ya nyuzi 25 na 28, na joto linapozidi 32 au 33 hudumaa. Nyuki pia husafishana mwili na kutupa wafu wao nje haraka. Yapo mabanda kitalu, Kanada kwa mfano, ambamo nyuki wenyewe wamepitishwa kwenye kisanduku chenye unga wa Beauveria mlangoni mwa mzinga ili waubebe hadi kwenye maua wanakokaa wadudu waharibifu, na makundi yao yakaendelea kuishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani wamekwenda mbali zaidi, wakachagua aina ya Metarhizium inayovumilia joto la mzinga ili imshambulie utitiri wa varroa anayewanyonya nyuki.

Hata hivyo nyuki aliyelowa dozi kubwa moja kwa moja anaweza kufa mapema. Mwombe jirani apulize jioni nyuki wakisharudi, ambao ndio wakati unaoifaa kuvu pia, na asielekeze bomba kwenye mizinga. Angekuwa na jirani anayefuga viwavi wa hariri ningesema vingine kabisa. Huko Beauveria ni maafa, na ndiko ilikojulikana kwanza. Mwaka 1835 Agostino Bassi wa Italia alitangaza, baada ya miaka mingi ya majaribio, kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwageuza viwavi wa hariri kuwa kama vijiti vya chokaa ulisababishwa na kuvu inayoambukiza, na jina bassiana ambalo kuvu hiyo inalo leo ni kumbukumbu yake. Alilisema hilo kabla Pasteur na Koch, wanasayansi wanaosifiwa kwa kuonyesha kwamba vijidudu husababisha magonjwa, hawajaanza kazi zilizowapa sifa.

Mambo haya yanasikika vizuri kwenye semina. Je, yameshawahi kufanya kazi kwenye eneo kubwa, au ni majaribio ya vyungu tu?

Swali la haki kabisa. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1879 mwanasayansi Élie Metchnikoff, akiwa Odessa, aliitambua kuvu ya kijani iliyowaua mbawakawa waharibifu wa ngano, ile tunayoiita leo Metarhizium anisopliae, na akapendekeza ikuzwe ili itumike dhidi yao. Ilikosa nguvu kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuihifadhi na kuipuliza mahali pakavu.

Fundo hilo lilifunguliwa na LUBILOSA, mradi wa utafiti wa kudhibiti nzige na panzi kwa njia za kibiolojia, ulioendeshwa kati ya 1989 na 2002 baada ya wimbi kubwa la nzige wa miaka ya 1980. Watafiti wake walizichanganya spora na mafuta badala ya maji. Mafuta huzisaidia spora kunata kwenye ganda la mdudu, na kuvu ikaweza kuambukiza hata pale hewa ilipokuwa kavu. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana dawa ya Green Muscle yenye Metarhizium acridum, kuvu ambayo huwashambulia nzige na panzi na kuwaacha wadudu wengine karibu wote. Dozi yake ni gramu 50 tu za spora kwa hekta. Mwaka 2009 nzige wekundu walipojikusanya nchini Tanzania, kwenye mbuga za Iku na Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, dawa hiyo ilipulizwa kwa ndege kwenye zaidi ya hekta 10,000, na mlipuko ukazuiwa kabla haujaenea kwenye mashamba ya nchi jirani. Hebu fikiria maeneo hayo yenye samaki, ndege na wanyamapori wangepulizwa sumu ya kawaida. Huko Brazili mashamba makubwa ya miwa yametumia Metarhizium kwa miongo kadhaa dhidi ya wadudu wafyonzaji wa miwa.

Nisiache kusema upungufu. Nzige mgonjwa huota jua. Nimewahi kuwatazama kwenye tundu la majaribio, na inashangaza jinsi walioambukizwa wanavyong'ang'ania upande wenye taa ya joto na kugeuza ubavu kuielekea. Kwa njia hiyo huweza kupandisha joto la mwili karibu na nyuzi 40, kuvu ikasimama, na kifo kikacheleweshwa kwa siku nyingi. Ndiyo maana dawa hii hutumika vizuri zaidi kwa tunutu na makundi yaliyotulia. Kundi lililokwisha kutua juu ya mazao ya mtu na kuanza kula halisubiri wiki mbili.

Naweza kuchanganya na dawa ya ukungu ili nipulize mara moja?

Hapana. Kiuakuvu hakijui kuvu rafiki na kuvu adui. Mankozebu, kwa mfano, huzidhuru spora hizi vibaya. Acha siku kadhaa kati ya dawa moja na nyingine kama lebo inavyoelekeza, na ikiwezekana uwe na bomba jingine, kwa sababu mabaki yaliyoganda kwenye tangi na mpira wa bomba yanatosha kuharibu kazi.

Nina pumu. Kuvu hii haiwezi kuniotea mapafuni?

Aina nyingi zinazouzwa hazistawi kwenye joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, na matumizi ya miaka mingi hayajaonyesha kwamba huwaambukiza watu wenye afya. Lakini vumbi lolote la spora huweza kuamsha mzio, na kwa mwenye pumu hilo ni jambo zito. Nakushauri kazi ya kufungua pakiti na kukoroga aifanye mtu mwingine, naye avae barakoa, glavu na miwani. Miwani naisisitiza kwa sababu yamewahi kuripotiwa maambukizi ya jicho, machache sana, hasa kwa watu wenye mikwaruzo jichoni au wanaovaa lenzi za mboni. Mwenye kinga ya mwili iliyoshuka asikaribie kabisa.

Mchwa wanakula nguzo zangu. Nimeambiwa nimwage Metarhizium kwenye kichuguu, waambukizane wote. Ni kweli?

Kwenye sahani ya maabara ni kweli, tena kwa kasi, na ndani ya kichuguu mna giza na unyevu ambao kuvu ingeutamani. Lakini mchwa wameishi na kuvu za udongoni muda mrefu kuliko sisi tulivyoishi na mchwa. Huzinusa spora, hulambana mpaka wazitoe mwilini, huwakwepa wagonjwa, huwazika wafu wao kwa udongo na mate, na huziba kabisa njia zilizochafuliwa. Kwa sababu hiyo majaribio mengi ya kumwaga spora kwenye vichuguu yameleta matokeo dhaifu, na mimi sitakushauri utumie fedha zako huko. Nguzo zako zitakingwa vizuri zaidi ukizitenga na udongo kwa msingi wa zege na kuvunja vijia vya tope wanavyojenga juu yake kila unapoviona. Unga wa kuvu ubakize kwa wadudu wasio na jamaa wa kuwalamba.